Mistari Mitatu ya Winny

Migosi, Kisumu
Jumapili, 25 Januari 2026

Lorine, nyathina, mtoto wangu wa pekee,

Nakusalimu kwa jina la Yesu na Maria. Huku tuko wazima, ni joto tu linatupika. Keti kwanza kabla hujaendelea kusoma. Umeketi?

Dereva wenu, Bwana Shitanda, alinipata juzi kwa kibanda changu Kondele, nimebeba mapazia ya watu begani, akanipa bahasha yenye muhuri wa shule. Moyo ukaruka, nikajua mmefukuzwa. Kumbe ni Sister Nakhungu! Anasema kila mzazi wa kidato cha tatu ajaze Karatasi ya Ushuhuda. Swali ni moja tu: mtoto huyu hufanya nini nyumbani pasipo mwalimu wa kumwona? Walimu wakishazisoma zote, moja itachaguliwa na kusomwa kwa sauti kwenye Misa ya mtakatifu somo wa shule, tarehe saba Machi, na mtoto huyo atavishwa skafu ya bluu ya Tabia na Imani. Jina linaandikwa kwa ubao wa kanisa. Kwa rangi, haifutiki.

Mimi niliacha shule darasa la saba, lakini Mungu hakuninyima mdomo, na kumbe hata kalamu hakuninyima. Nimejaza yako mbele na nyuma, mpaka pembeni. Usiniulize nimeandika nini. Nilipomaliza kuisoma mwenyewe nililia.

Ya Winny nimejaza pia, maana zilikuja mbili kwa bahasha moja, na mimi ndiye nimemlea tangu dada yangu atangulie. Yeye hana mengi, ni mtoto mtulivu. Mistari mitatu ilitosha.

Jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika nimeshawaambia. Mama Nasipwondi, yule makamu wangu anayependa kiti changu, akasema, "Mwenyekiti, si ungengoja kwanza matokeo?" Nikamwambia, mwenye mbegu nzuri hangoji mvua ndipo atayarishe gunia. Kitenge nimeshachagua, cha bluu, wanawake kumi na wawili tutavaa sare. Hata Mama Rekha wa Milimani, yule ninayempelekea mapazia, nimempa habari, akasema nina bahati.

Kula vizuri. Sali rozari yako. Usimame wima wakikuita.

Mamako anayejivunia,
Philgona Ondiek
(Mwenyekiti)


Shule ya Wasichana ya Mtakatifu Perpetua
8 Februari 2026

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima.

Mama, uliandika nini?

Ijumaa Sister aliniita ofisini. Nilidhani ni kwa sababu ya kelele za bwenini. Akashika mikono yangu yote miwili, akaiangalia, akasema, "Mikono hii imemwogesha mgonjwa likizo nzima na haikusema." Nikamwuliza mgonjwa gani. Akacheka, akasema unyenyekevu wangu umezidi. Halafu akasema karatasi yangu ndiyo imechaguliwa, akasoma kidogo. Kwamba kila asubuhi nilikuwa naenda kwa Mama Ogola, kwa ile nyumba ya mwisho ya ploti. Kwamba namgeuza kwa sababu amepooza upande mmoja, namwosha kile kidonda cha kiunoni, namlisha uji, namsomea Injili kwa Dholuo.

Mama, mimi niliingia kwa Mama Ogola mara moja tu. Ulinituma nipeleke chumvi. Harufu ikanishika kooni, nikaacha chumvi mlangoni nikakimbia. Ulinicheka wewe mwenyewe. Aliyekuwa anaenda kila asubuhi ni Winny. Unajua ni Winny.

Na Winny alikuwa pale pale ofisini Sister akisoma. Ilikuwa zamu yake ya kufagia. Hakuinua kichwa. Alifagia mahali pamoja muda mrefu.

Jumamosi ya tarehe 21 Sister anakuja Migosi kumwona Mama Ogola, na mimi nije naye. Amesema na Winny aje, maana tunatoka nyumba moja. Nifanye nini?

Mtoto wako,
Lorine


Migosi
12 Februari

Lorine wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Bwana Shitanda ananisubiri, nitaandika haraka.

Sasa wewe hebu nisikilize. Nyumba ni moja. Uji aliokuwa anabeba Winny ulikuwa wa nani? Ulipikwa kwa jiko la nani? Sabuni? Ile shuka ya zamani ya maua iliyochanwa vitambaa vya kidonda? Zote zilitoka kwa mamako. Kwa hivyo mkono ulioenda kwa Mama Ogola ulitoka kwetu, na wewe ni wa kwetu. Sikusema uongo, nilisema kwa kufupisha.

Tena wewe si mtoto mbaya. Wewe ni mtoto mwema ambaye hajapata nafasi. Winny alikuwa ameshaichukua.

Tarehe 21 mje. Mimi nitapika chapati na kuku, Sister atakaa kwangu mpaka ashibe. Kwa Mama Ogola ataingia kidogo tu, na Mama Ogola mwenyewe macho yameingia ukungu, hawezi kutofautisha mtu na pazia. Sister ni Mbukusu, mzee atakachosema kwa Dholuo kitapita juu yake. Wewe ingia tu, shika beseni, tabasamu.

Winny usiongee naye mambo haya. Nimemwekea viatu vyeusi vizuri vya mitumba, namba yake kabisa. Atafurahi.

Mamako,
Philgona


Migosi
Jumapili, 22 Februari

Nyathina,

Ero kamano! Mungu asante! Jana umenifunga mdomo hata mimi. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu na sufuria ya chai, roho iko mkononi, nikakuona ukiingia kwa Mama Ogola na Sister nyuma yako. Nikasema sasa atakimbia. Hukukimbia! Sister ametoka akipangusa macho, akaniambia, "Mama, amemgeuza yule mzee kama muuguzi wa miaka kumi. Amejua hata mto unawekwa wapi." Nikasema ndiyo Sister, huyo ndiye Lorine. Umejifunzia wapi? Unaona? Nilikwambia ni nafasi tu ulikuwa hujapata.

Winny amekula chapati mbili tu. Nimempa viatu vyake, akapiga goti akashukuru. Mtoto hana neno huyo.

Leo baada ya Misa nimewaeleza jumuiya yote. Mama Nasipwondi akaanza kukohoa.

Mamako mwenye furaha,
Philgona


Mtakatifu Perpetua
26 Februari

Mama,

Umeuliza nimejifunzia wapi. Nitakwambia.

Winny alinifundisha. Sikumwomba. Jumatatu kabla ya kuja, wakati wa michezo, alinivuta bwenini akaweka mto kitandani, akasema, "Huyu ni Mama Ogola." Akanionyesha mkono wa kulia unapita chini ya bega, wa kushoto chini ya goti, unahesabu naye moja mbili tatu ili asishtuke. Kitambaa cha maji ya vuguvugu kinaanza mbali na kidonda, si karibu. Uji unajaribiwa kwa mdomo wako kwanza. Tulifanya siku tano. Nikamwuliza, Winny, kwa nini unafanya hivi? Akasema, "Mama mdogo ameshachagua kitenge."

Hivyo tu.

Na kule ndani wewe hukuona, ulikuwa kwa chai. Nilimgeuza vizuri, ni kweli. Lakini Mama Ogola alinishika kiganja, akakipapasa, akasema kwa Dholuo, kwa sauti, mbele ya Sister, "Huyu si Winny. Winny wangu yuko wapi?" Sister akauliza, "Anasemaje?" Mimi nikainama nikapanga mto. Winny alikuwa mlangoni na beseni la maji machafu. Akajibu yeye: "Anasema asante, Sister. Anamwombea Lorine baraka."

Mama Ogola akasikia sauti yake. Akageuza kichwa kule mlangoni, akaanza kulia akimwita. Sister akadhani analia kwa furaha, naye akalia. Winny akatoka kwenda kumwaga maji, hakurudi tena mpaka tuondoke.

Mama, bado siku tisa. Mwandikie Sister. Mwambie tu ulichanganya karatasi, nitasema hivyo hivyo na mimi. Nakuomba.

Lorine


Migosi
1 Machi

Lorine,

Kitenge kimeshonwa. Wanawake kumi na wawili. Wamejinyima vitu nyumbani ili washone. Padri ametangaza kanisani kwamba tunasafiri kwa ajili yako.

Tukishamaliza nitaungama. Kwaresima ni ya nini kama si ya kuungama?

Simama wima.

Mama


Mtakatifu Perpetua
9 Machi 2026

Kwa Mama mdogo,

Shikamoo. Natumai mlifika salama Jumamosi. Mlipendeza sana na zile sare, hata wasichana wa kidato cha nne walisema mama zetu wanajua kuimba. Wewe ulipopiga kigelegele Sister alipomaliza kusoma, kanisa lote lilifuata. Asante kwa viatu. Nilivivaa siku hiyo, havibani.

Jana Sister alituita mmoja mmoja, kila msichana akasomewa karatasi yake, hata sisi ambao hatukuitwa mbele. Yangu ilisema: "Winny ni mtoto mtulivu. Anafua nguo vizuri. Anakula bila kuchagua." Sister akaniuliza kama ningependa kukaa nayo. Nikasema ndiyo. Nimeiweka kwa Biblia yangu, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika juu yangu. Asante kwa kuandika, Mama mdogo. Najua ulikuwa na kazi nyingi.

Naandika kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza ni Lorine. Hali chakula tangu Jumamosi. Skafu ameificha chini ya godoro. Alitaka kunipa, nikakataa, kwa sababu tayari imeitwa kwa jina lake. Ukimwandikia usimkaripie. Yeye si mwenye makosa, na alijifunza kwa bidii.

La pili ni Mama Ogola. Mkwe wake, mke wa Ogola, hurudi kutoka sokoni jioni, na mzee akilala upande mmoja kutwa kidonda kinafunguka. Sina wa kumtuma. Kama kuna mtu pale kwa ploti anaweza kupita saa nne asubuhi, amlaze upande wa kushoto. Na kucha zake za mkono zimekuwa ndefu, niliziona siku ile lakini sikupata nafasi ya kuzikata. Zinamkwaruza.

Ni hayo tu. Mungu akubariki.

Wako mtiifu,
Winny Opondo


Migosi
15 Machi 2026

Kwa Sister Emerentia Nakhungu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Sister, umenipigia simu mara tatu na sikushika. Nilikuwa naiangalia ikilia juu ya mapazia. Barua hii nimeianza mara nne. Mimi ni mtu wa maneno mengi, wewe unanijua, lakini wiki hii maneno yamenikimbia kama kuku waliomwona mwewe.

Karatasi niliyoandika ya Lorine ni ya Winny. Simaanishi bahasha ilichanganyika. Nilikaa mezani kwangu mchana, nikiwa na akili timamu, karatasi mbili mbele yangu. Nikajiuliza Lorine hufanya nini pasipo mtu wa kumwona, nikakuta kwamba sijui. Mtoto niliyemzaa. Nikajua anapenda nini na anachukia nini, lakini jambo moja la kuandika sikulipata. Halafu nikaiangalia ya Winny, na mambo yakaanza kuja yenyewe, mengi, mpaka nikaona wivu. Nikauliza Mungu kwa nini ameyaweka huko na si huku. Ndipo nikayahamisha. Nilipomaliza Winny alikuwa amebaki mtupu, nikampa mistari mitatu ya kufua na kula, kama mtu anayemsifu punda.

Na nililia niliposoma, Sister, ni kweli nililia. Nilijua ninamlilia nani.

Watoto hawa wawili walijua. Lorine aliniandikia niseme. Nikaangalia kitenge. Winny hakunisihi, yeye alinificha. Siku ile kwa Mama Ogola, yule mzee hakushukuru mtu. Alisema huyu si Winny. Winny ndiye aliyekutafsiria vingine, ili mimi nisiaibike. Kwa mgongo wa mtoto yatima nimepiga kigelegele mbele ya kanisa lako.

Alhamisi nimesoma barua ya Winny. Hajanilaumu hata neno. Ananiomba nikate kucha za mgonjwa. Jirani yangu wa mlango wa nne, Sister, na mimi huwa namsalimia kwa dirisha.

Nakuomba barua hii isomwe palepale ilipokuwa imesomwa ile ya kwanza, kwa sauti ileile. Nimewaambia jumuiya kwamba nitakuja siku hiyo. Sijawaambia kwa nini. Nitakuja na sare, maana sina nguo ya kujifichia.

Naweka na karatasi mpya ya Winny. Imejaa mbele na nyuma. Pale penye kuuliza uhusiano wangu na mtoto, mara ya kwanza niliandika "nilimchukua." Sasa nimeandika vile sisi Wajaluo tunavyoita mama mdogo. Tunamwita mama.

Ya Lorine naomba unitumie nyingine tupu. Nitangoja mpaka nipate la kweli la kuandika.

Philgona Ondiek


Mtakatifu Perpetua
19 Machi 2026

Mama Lorine mpendwa,

Milele amina.

Nimeipokea. Nitaisoma Jumapili hii, tarehe 22, kwenye Misa ya saa tatu. Njoo mapema ukae mbele.

Lorine aliniletea skafu tarehe kumi, siku tano kabla hujaandika. Aliiweka mezani akasema, "Sister, hii haikufuliwa, nimelia juu yake." Sikumwambia mtu. Nilikupigia ili useme mwenyewe, na ulipokataa kushika nikaamua kungoja.

Sasa na mimi nina la kusema, na Jumapili nitalisema baada ya barua yako. Nimeishi Kisumu miaka kumi na minne. Dholuo sikisemi, lakini nakisikia. Nilimwelewa Mama Ogola siku ile. Nilimwelewa Winny pia, na nikalia kwa sababu hiyo. Kisha nikarudi shuleni nikakuta mwaliko wa Baba Askofu umeshajibiwa, keki imeshaagizwa, nikajiambia huenda nilisikia vibaya. Nikawavisha watoto wale uongo kwa mikono yangu. Wewe ulikuwa na kitenge, mimi nilikuwa na keki.

Winny amesema haitaki skafu. Nimemwuliza anataka nini. Amesema anataka kwenda nyumbani Alhamisi Kuu badala ya Ijumaa, akakate kucha za mtu. Nimemruhusu.

Wako katika Kristo,
Sister Emerentia Nakhungu


Migosi
Jumapili ya Matawi, 29 Machi 2026

Kwa watoto wangu wawili, Lorine na Winny,

Someni pamoja, nimeandika moja.

Mliniona Jumapili iliyopita, sina haja ya kuwaeleza. Sister alipofika pale pa kusema "kama mtu anayemsifu punda" kuna mtu alicheka nyuma. Nikasema moyoni cheka tu, nimeandika vizuri. Hata katika aibu, kumbe bado napenda kusomwa. Mniombee.

Huku jumuiya nimeacha kiti. Mama Nasipwondi sasa ndiye mwenyekiti, na mkutano wa kwanza alifungua kwa kusema, "Tuanze kwa sala, na tusali ya kwetu, si ya jirani." Wanawake wakachekea kwenye leso. Nilimeza. Sokoni wananiuliza, "Mama Skafu, pazia hili ni la nani kweli?" Nacheka nao, halafu nikigeuka naona joto shingoni.

Lorine, wewe ulikuwa mkubwa kuliko mimi. Karatasi yako tupu iko ukutani, kwa msumari. Nimeandika mstari mmoja. Sitakwambia, na safari hii si kwa kuringa.

Winny, kuhusu Mama Ogola. Nimeenda kila siku tangu ile Alhamisi niliyosoma barua yako, saa nne, kibanda namwachia jirani. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni kwa ile harufu, nikamkumbuka Lorine na chumvi yake, na vile nilivyomcheka. Niliingia. Nikamshika nimlaze upande wa kushoto, akapiga kelele, "Nani huyu anayenikunja kama pazia?" Nikamwambia, ni mimi, Philgona. Akasema, "Wa dirishani?" Nikasema ndiyo mama, wa dirishani.

Kidonda hakijafunguka zaidi. Maji ya vuguvugu, naanza mbali. Kucha sijazikata. Nilileta wembe, akaficha mkono chini ya shuka, akasema hizo ni za Winny. Kila siku anauliza unarudi lini, nami namhesabia. Leo nimemwambia bado nne.

Nimefanya mazoezi na mto juu ya kitanda chako, vile ulivyomfundisha Lorine. Mkono chini ya bega, mwingine chini ya goti, moja mbili tatu. Kwa mto naweza. Lakini mto hauumii, Winny. Ukija Alhamisi, kabla hujanywa hata chai, nionyeshe.

Mama yenu,
Philgona